Kufuli la Pili

Ukiingia mtaa ule kwa upande wa kituo cha mafuta, kibanda cha kwanza kilikuwa cha kinyozi. Cha pili, kilichobanwa kati ya kinyozi na ukuta wa nyumba ya ibada, kilikuwa cha fundi wa funguo. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba mteja akiingia, fundi hana budi kukaa. Ndani mlikuwa na meza yenye jiliwa la kubania chuma, tupa sita zilizopangwa kwa ukubwa na mkasi wa kukatia bati. Juu ya meza, kutoka ukuta hadi ukuta, ulipita waya uliotundikwa funguo za bati zaidi ya mia.

Waya ule ndio uliokuwa maisha ya Fundi. Aliyemfundisha kazi alimkanya asiguse shaba kabla hajachonga bati: shaba ukiikosea imekwenda, bati ukilikosea unacheka. Basi kila ufunguo alioagizwa aliuchonga kwanza kwa bati laini, akaupima kwenye kitasa, akaona jino gani limezidi na lipi limepungua, ndipo akachonga wenyewe wa shaba. Ule wa bati haukufungua kitu. Ukiulazimisha ulipinda kama karatasi. Lakini ulifaa kuwa kielelezo, na Fundi hakupenda kutupa kitu kinachofaa. Aliufunga kipande cha kitambaa chenye rangi ya mwenyewe, akautundika. Chekundu cha kinyozi. Cha bluu cha Mama Cherehani, mjane aliyeshona nguo nyumba ya tatu. Cheupe cha nyumba ya ibada.

Watu waliupenda waya ule. Mtu akipoteza ufunguo sokoni alikuja mbio, jasho linamtoka.

"Fundi, niokoe! Nimefungiwa nje, na maharage yako jikoni!"

"Yako mangapi?"

"Mangapi nini?"

"Maharage. Nijue niharakishe kiasi gani."

Robo saa baadaye alikuwa na ufunguo mpya. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu wa mtaa ule aliyelala nje kwa kukosa ufunguo. Mtaa mzima ulining'inia juu ya kichwa cha mtu mmoja, na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu.

Ufunguo mmoja haukukaa kwenye waya. Ule wa shaba wa nyumba ya ibada aliuvaa shingoni kwa uzi mweusi, kwa maana yeye ndiye aliyefungua mlango kila alfajiri. Kazi hiyo haikuwa na mshahara wala cheo. Alipewa akiwa kijana, na hakuna aliyewahi kuiomba. Marehemu mkewe alikuwa akimtania, "Siku ukifa tukuzike nao?" Naye alijibu, "Mnizike nao. Huko nako patakuwa na mlango."

Sasa alibaki na binti yake, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni akisoma historia ya sheria za kale, na aliyekuwa na ulimi ambao baba yake hakujua aliutoa wapi.

Mambo yaliharibika mchana wa Jumanne. Mama Cherehani alikwenda hospitali kumwona dada yake, na aliporudi alikuta meza ya kushonea iko tupu. Cherehani ya umeme hakuna. Magauni manne ya wateja hakuna. Alipiga yowe, watu wakajaa. Kinyozi, aliyefika na mkasi mkononi akiwa amemwacha mteja na nusu kichwa, aliinama kwenye kitasa, akakipapasa.

"Mlango haukuvunjwa," alisema.

Alisema tu alichokiona. Lakini maneno yale yalitoka mlangoni, yakapita dukani, yakazunguka kwenye bomba la maji, na kila yalipofika yalikuta mtu wa kuyarudia kwa sauti ya chini kidogo. Mlango haukuvunjwa. Hakuna aliyeongeza neno la pili. Halikuhitajika. Kila aliyeyasikia aligeuza macho taratibu upande wa kibanda chenye waya.

Fundi aliligundua hilo siku ya tatu. Mwenye duka alikuja kuchukua ufunguo wake wa bati. "Nataka tu nikae nao mwenyewe, Fundi. Unajua tena mambo ya siku hizi." Kesho yake akaja mwingine, halafu wawili. Wote walicheka walipoongea, wote walimuulizia hali ya binti. Siku ya sita alipita nyumba ya mwenye duka, akaona kitasa kipya kinang'aa mlangoni. Hakukiweka yeye.

Usiku ule hakula vizuri, na asubuhi alifanya jambo ambalo ni fundi wa funguo tu angeweza kulifanya, tena fundi mwaminifu. Alitoa meza nje, mbele ya kila mtu. Akaushusha waya. Akachukua mkasi wa bati, akaanza kukata funguo moja moja, vipande vipande, huku akieleza kwa sauti.

"Tazameni! Huu wa bluu, huu hapa. Bati. Bati halifungui kitu. Lakini kama ndilo linalowanyima raha, basi liishe. Huu mwekundu. Huu wa kijani. Yaishe!"

Vipande vilimwagika chini kama magamba ya samaki. Watu walisimama pembeni wakitazama. Fundi alidhani ukimya wao ni haya. Alipomaliza alifuta jasho, akatabasamu, akangoja mtu aseme, Fundi, ya nini yote haya, sisi tunakujua.

Kinyozi alikuja akasimama karibu naye, akiwa amekunja uso.

"Rafiki yangu," alinong'ona, "nani kakushauri?"

"Hakuna. Kwa nini?"

"Polisi hawajaja hata kuuliza. Wewe tayari umekata."

Ndipo Fundi alipotazama vile vipande chini kwa macho ya wale waliosimama.

Siku chache baadaye mwalimu wa dini alisimama mbele ya waumini na kufundisha juu ya dhana mbaya. Alikuwa mtu mwema, na alikusudia wema. Alieleza kwamba wahenga wa imani waliihesabu dhana kuwa mwizi mkubwa kuliko mwizi wa mali, kwa sababu mwizi wa mali huacha nyumba, na dhana humwondolea mtu hata mahali pa kusimama. Alieleza kwamba katika visa vya kale kabisa, ndugu hawakuanza kwa kuuana. Walianza kwa kutazamana kwa pembe ya jicho. Kisha akainua kidole.

"Hata kama mlango haukuvunjwa," alisema, "mdhanieni mwenzenu mema!"

Vichwa sitini vikageuka kumtazama Fundi kwa huruma. Fundi aliketi safu ya pili, ufunguo shingoni, akahisi masikio yanawaka. Mpaka dakika ile jambo lilikuwa la kunong'onwa kwenye bomba la maji. Sasa lilikuwa limesemwa mahali patakatifu, na kusamehewa, kabla hajaulizwa kama alilitenda.

Jioni alimweleza binti yake. Binti alikuwa akimenya viazi, na kisu kilianza kwenda kasi.

"Baba, wanakukosea mara mbili: wanakudhania, kisha wanakusamehe. Watu wa kale, hawa tunaowaita washenzi, walikuwa waungwana kuliko mtaa huu."

"Walifanyaje?"

"Mtu akidhaniwa vibaya, ilikuwa lazima yaishe. Kwao dhana ilikuwa ugonjwa wa kijiji kizima, haukuwa wa mdhaniwa peke yake. Kwa hiyo waliwatoa wote wawili uwanjani, mwenye kudhani na mwenye kudhaniwa. Wengine walimnywesha mtu maji machungu mbele ya kuhani. Wengine walimtumbukiza mtu mtoni. Wengine walimshikisha chuma cha moto atembee nacho hatua tisa."

"Chuma si kinaunguza?"

"Kinaunguza, Baba. Wanamfunga mkono kwa kitambaa. Siku ya tatu wanafungua. Kidonda kikiwa safi, hana hatia, na hakuna ruhusa ya kumsema tena."

Fundi alitazama viganja vyake vilivyojaa makovu ya tupa.

"Siku tatu tu?" aliuliza.

Binti aliacha kumenya. Alikuwa amesimulia ule ukatili ili baba yake acheke, na sasa aliona anautamani.

"Warushie ufunguo wao," alisema kwa uchungu. "Waamke wenyewe alfajiri, tuone."

"Siku nitakayouvua, mwanangu, watasema nimekiri. Kitu pekee kinachonishikilia kwa watu hawa ni huu uzi."

Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu nyumbani. Alimkuta barazani na mama yake, bibi kizee aliyekuwa haoni vizuri lakini hakosi ibada hata moja. Fundi hakuzunguka.

"Mwalimu, nataka kula kiapo. Mbele ya watu wote, mkono juu ya Kitabu. Kama nimeingia nyumba ile, Mungu anichukue palepale."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Siwezi kukuapisha, ndugu yangu."

"Kwa nini?"

"Utaratibu ni wa tangu kale. Mwenye kushtaki alete ushahidi, mwenye kushtakiwa ale kiapo. Nani amekushtaki?"

"Mtaa mzima."

"Nitajie mmoja."

Fundi alifungua kinywa. Kinyozi? Kinyozi alisema mlango haukuvunjwa, na ni kweli. Mwenye duka? Alichukua kilicho chake. Mama Cherehani alikuwa bado anamsalimia kila siku.

"Hakuna," alisema.

"Unaona? Nikikuapisha bila mshtaki, mimi ndiye nitakayekuwa nimekushtaki. Na kinachopita moyoni mwa watu hakiandikwi dhambi mpaka wakitamke au wakitende."

"Lakini wametenda, Mwalimu! Wamebadilisha vitasa!"

"Hiyo ni tahadhari. Tahadhari si dhambi."

Alilisema kwa upole, na kwa upole ule akaufunga mlango wa mwisho. Maana hapo ndipo dhana inapopenda kujificha, ndani ya joho safi la tahadhari, ambamo sheria haiifikii wala toba haiigusi. Vitabu vimeilaani kwa maelfu ya miaka. Yenyewe imebadilisha jina tu, na jioni inaketi barazani na wachamungu wakipunga upepo. Fundi hakuyajua maneno ya kusema hivyo. Alisema "Ahsante, Mwalimu," akambusu bibi mkono, akaondoka.

Wiki iliyofuata kamati ya nyumba ya ibada iliweka kufuli la pili.

Katibu wa kamati, mtu nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, alimletea habari mwenyewe.

"Fundi, usilichukulie vibaya. Ni kwa ajili ya kukulinda wewe. Sasa kikipotea kitu humo, hakuna atakayeweza kusema ni wewe peke yako."

"Kimepotea nini humo katika miaka ishirini na miwili?"

"Hakuna! Ndiyo maana nakwambia, usilichukulie vibaya."

Tangu siku ile Fundi aliamka kama kawaida, akafika wa kwanza, akafungua kufuli lake, kisha akasimama. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu, kama inawezekana mlango kuwa hivyo. Alingoja dakika kumi, wakati mwingine ishirini, hadi Katibu atokeze akipiga miayo. Waumini wengine walifika wakangoja naye. Walizungumza habari za hali ya hewa.

Mwezi wa nne tangu wizi ule, cherehani ilipatikana. Ilionekana kwenye duka la vitu vilivyotumika, ng'ambo ya mji, na mwenye duka hilo akamtaja aliyeileta: mkwe wa Mama Cherehani, mume wa binti yake wa kwanza, ambaye mama mwenyewe alikuwa amempa ufunguo wa akiba kwa ajili ya dharura. Mambo yalizungumzwa ndani ya familia, yakafunikwa. Lakini mtaa haukosi kusikia, na Fundi aliposikia alifunga kibanda mapema, akanyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akakaa nje kwenye kiti. Aliamini watakuja.

Alikuja mmoja. Mama Cherehani alisimama mbele yake, pochi begani.

"Fundi, za siku?"

"Njema, mama."

"Umependeza. Una safari?"

"Hapana. Nimekaa tu."

Alibadilisha mguu wa kusimamia.

"Mimi, Fundi, sijawahi kusema ni wewe."

"Najua."

"Kuna mtu alikuja kukwambia nimesema?"

"Hakuna."

"Basi," alisema mjane, akashusha pumzi kama aliyetua mzigo. "Mungu ni shahidi. Haya, siku njema."

Akaenda zake. Binti, aliyesikia yote akiwa ndani ya kibanda, alitoka macho mekundu.

"Baba! Si ungemwambia?"

"Nimwambie nini? Aombe radhi kwa jambo ambalo hakulisema?"

Vitasa vipya vilibaki milangoni. Waya ulibaki mtupu, maana nani angerudisha? Wachache walioleta kazi walisimama palepale, macho kwenye mikono yake mpaka amalize, na ule ufunguo wa bati wakauomba. Kufuli la pili nalo lilibaki. Fundi alipomuuliza Katibu, Katibu alishangaa kwa dhati. "Lakini limeshazoeleka, Fundi. Linamdhuru nani?"

Kisha ikaja alfajiri ile ya mvua.

Haikuwa mvua ya kawaida. Ilishuka kwa mshazari, pamoja na upepo, na kizingiti cha nyumba ya ibada hakikuwa na kibaraza. Fundi alifungua kufuli lake, akasimama. Kinyozi akafika. Mama Cherehani akafika, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Wakawa saba, wakawa kumi, wamejibana ukutani. Mwalimu alikuwa safarini, na mama yake, yule bibi kizee, aliletwa na jirani, kanga imelowa na kumganda mwilini. Katibu hakutokea. Dakika kumi. Ishirini. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Bibi alianza kutetemeka, meno yakigongana.

"Nani ana ufunguo?" aliuliza.

"Katibu, bibi. Anakuja."

"Na Fundi yuko wapi? Si yupo Fundi?"

"Nipo, mama."

"Basi mwanangu, si ufungue? Baridi itaniua."

Watu wote wakatazama chini. Kinyozi akakohoa.

"Fundi," alisema, "hebu tusidanganyane hapa. Kufuli lenyewe la dukani hilo, la bei ya mkate. Wewe linakushinda?"

"Halinishindi."

"Sasa?"

Fundi alilitazama kufuli. Alijua lilivyo kuanzia siku lilipowekwa. Ulimi wake wa ndani ulishikwa na springi dhaifu, na kipande chembamba cha bati, kikikunjwa vizuri na kusukumwa kandokando ya chuma, kingelilegeza kabla mtu hajahesabu hadi kumi. Alilijua hilo miezi yote, na kila alfajiri alisimama mbele yake mikono mfukoni, akingoja. Kule kungoja ndiko kulikobaki kuwa kiapo chake. Alikuwa akikila kila siku, na hakuna aliyekisikia.

Asipofungua, bibi ataugua. Akifungua, amekula kiapo bure.

"Mwanangu," bibi alisema tena, na safari hii sauti ilikuwa ndogo sana.

Fundi alikwenda kibandani. Alirudi na kipande cha bati kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Akaliinamia kufuli, mvua ikimchuruzika shingoni. Watu wakasogea kuona. Moja, mbili, tatu, nne. Likafyatuka.

"Haya!" watu walipiga kelele kwa furaha. "Ahsante, Fundi! Mikono ya dhahabu hiyo!" Bibi aliingizwa ndani, akimwombea baraka bila kukoma. Kinyozi alicheka, akampiga bega, na kwa furaha ileile, bila ubaya wowote, akasema:

"Kumbe bati linafungua!"

Kicheko kilikufa hapohapo. Ilisikika mvua tu. Kinyozi mwenyewe aligutuka, akaweka mkono mdomoni, lakini lilikuwa limeshatoka.

Fundi alitaka kueleza. Alitaka kusema kwamba kufuli si kitasa, kwamba kipande si ufunguo, kwamba ufunguo wa bati ungepinda kwenye kitasa cha Mama Cherehani hata ungeusukuma siku nzima, na kwamba mwizi alishajulikana, jamani, alishajulikana! Lakini angemweleza nani? Hakuna aliyeuliza. Walikuwa wanaingia ndani mmoja mmoja, wakimpita kwa adabu. Mama Cherehani alipomkaribia aliihamisha pochi yake kutoka bega la kulia hadi la kushoto. Huenda ilimlemea tu.

Hatua za mbio zikasikika kwenye madimbwi. Katibu alitokea chini ya mwavuli, viatu vimejaa matope.

"Jamani, samahanini, nilipitiwa na usingizi!" Akasimama. "Ala! Nani kafungua?"

Hata safari hii hakuna aliyemtaja. Walitazama tu mikono ya Fundi, iliyoshika makufuli mawili yaliyofunguka.

Fundi aliinamisha kichwa, akavua uzi mweusi. Ulinasa sikioni kidogo, maana ulikuwa haujavuliwa kwa miaka mingi. Akaweka ufunguo na yale makufuli mawili kwenye kiganja cha Katibu.

"Vipi tena, Fundi?" Katibu aliuliza, akistaajabu kwa dhati. "Kuna mtu amekukosea?"

"Hakuna," alisema Fundi. "Hakuna mtu."